Uko Nakuru, Ujumbe Unasema Nairobi: Je, Umeibiwa?

Umekaa zako Section 58, umefungua programu yetu ulipe stima, mara SMS inaingia: "Akaunti yako imefunguliwa kutoka Nairobi." Roho inaruka. Ni nani huyo Nairobi aliye na akaunti yangu?

Tulia kwanza. Mara nyingi ni wewe mwenyewe.

Eneo hilo linatoka wapi?

Halitoki kwa GPS ya simu yako. Linatokana na anwani ya IP, ile nambari ambayo simu hupewa na mtandao unapowasha data. Anwani yenyewe haisemi uko mtaa gani. Kuna kampuni zinazotunza orodha za kukadiria: anwani hizi ni za Nairobi, zile za Mombasa. Sisi husoma orodha hizo, kisha tunakutumia ujumbe.

Mbona inakosea?

Anwani za zamani, yaani IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu, na karibu zote zimeshagawanywa. Ndiyo maana mitandao inahamia IPv6, ambazo ni nyingi mno. Lakini hizi mpya bado hazijasahihishwa vizuri kwenye orodha. Anwani za Afrika hugawanywa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Orodha isiyo na habari kamili inaweza hata kudai uko Mauritius, na wewe uko Njoro!

Tena, data ya mteja aliye Gilgil au Molo inaweza kupitia mitambo ya Nairobi kabla ya kutoka kwenye intaneti. Basi unaonekana uko huko.

Wakora wanapoingilia

Mtu anakupigia: "Kuna mwizi Nairobi ameingia kwa akaunti yako. Nisomee nambari iliyokuja kwa SMS tumzuie." Kwa sababu umeona neno Nairobi, unamwamini. Kumbe anabahatisha tu. Ukimsomea hiyo nambari, pesa zimeenda.

Ufanye nini?

1. Angalia saa. Je, ni wakati ule ule ulioingia?
2. Angalia aina ya simu iliyotajwa. Ni yako?
3. Vyote viwili vikilingana, usihangaike na jina la mji.
4. Kimoja kisipolingana, badilisha PIN hapo hapo, kisha utupigie kwa nambari iliyo ndani ya programu.

Hata ujumbe ukisema Nakuru, bado angalia saa na simu. Anayejua PIN yako anaweza kuwa jirani wa mlango wa pili.

Kwa upande wetu, hatufungi akaunti kwa sababu ya eneo peke yake. Tukifanya hivyo, tutawafungia wateja wengi wasio na hatia. Na hatutawahi kukuuliza PIN wala nambari ya SMS. Anayeuliza si sisi. Kata simu.