Matunguu ya Maua ya Machipuko na Njaa ya Malkia wa Nyuki Bambi katika Bustani za Uingereza

Mwishoni mwa Februari, kusini mwa Uingereza, siku ambayo jua limewaka kwa saa chache na halijoto imefika nyuzi 8 au 10 za Selsiasi, huonekana nyuki mmoja mkubwa mwenye manyoya meusi na mistari ya manjano akiruka chini chini juu ya nyasi. Huyo ni malkia wa nyuki bambi, mara nyingi wa spishi ya Bombus terrestris. Amekaa ardhini miezi mingi bila kula, akiishi kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini. Hana kundi, hana mzinga, hana akiba ya asali. Asipopata mbochi, yaani maji matamu ya maua, hufa, na kundi zima ambalo lingetokana naye halizaliwi. Makala haya yanafafanua namna matunguu ya maua yanayopandwa katika bustani za nyumbani yanavyoweza kumfaa malkia huyo, na kwa nini si kila tunguu linalompendeza mwenye bustani lina faida kwa nyuki.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kumfananisha nyuki bambi na yule mdudu mweusi, mnene, atobwaye mashimo katika boriti za nyumba. Hao ni wadudu wawili tofauti. Nyuki bambi wa jenasi ya Bombus ni wa nchi za baridi, na hawana asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Tofauti yao na nyuki wa asali ni kubwa pia. Kundi la nyuki wa asali huvuka majira ya baridi likiwa limekusanyika ndani ya mzinga na kula akiba yake. Kundi la nyuki bambi hufa lote: malkia mzee, wafanyakazi na madume. Wanaobaki ni malkia vijana waliokwisha kupandwa, na kila mmoja hujichimbia shimo lake peke yake.

Anapoamka, malkia huwa na kazi mbili zinazoshindana. Kwanza, ni lazima apate nguvu za kuruka. Misuli ya mabawa yake haifanyi kazi barabara mpaka ipate joto la nyuzi 30 hivi, na joto hilo hulizalisha mwenyewe kwa kutetemesha misuli hiyo. Mbochi ndiyo kuni zake. Pili, ni lazima akusanye chavua, kwa kuwa chavua ndiyo protini inayokomaza mayai yake na kulisha mabuu. Akishapata pango, mara nyingi tundu la panya lililoachwa, hutaga mayai juu ya bonge la chavua na kuyalalia kama kuku, huku chungu kidogo cha nta chenye mbochi kikiwa mbele ya mdomo wake. Hutoka nje kutafuta chakula na kurudi kabla mayai hayajapoa. Umbali kati ya pango na maua, kwa hiyo, si jambo dogo. Bustani yenye maua mita chache kutoka kwenye ua wa miti inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mayai yaliyoanguliwa na mayai yaliyopoa.

Hapa ndipo tunguu linapoingia. Tunguu ni shina fupi la chini ya ardhi lililozungukwa na majani manene yaliyojaa chakula. Kitunguu cha jikoni ni mfano ulio karibu na kila mtu. Mmea wa namna hiyo hauhitaji kusubiri jua la kutosha ili utengeneze chakula cha kuchanulia ua. Chakula kilitengenezwa mwaka uliopita, na ua lenyewe, likiwa dogo mno, huwa tayari limekwisha kuumbika ndani. Kinachosubiriwa ni baridi. Mengi ya matunguu haya huhitaji majuma 12 hadi 16 ya baridi kabla shina la ua halijarefuka sawasawa, na ndiyo sababu tulipu iliyopandwa Dar es Salaam haichanui ipasavyo hata ikimwagiliwa kila siku. Matunguu ya asili ya Afrika Mashariki, kama Scadoxus multiflorus mwenye ua jekundu la duara, huamshwa na mvua.

Hata hivyo, kuchanua mapema hakutoshi. Tulipu ni kielelezo kizuri cha jambo hili. Tangu Carolus Clusius alipozipanda Leiden katika miaka ya 1590, wakulima wa Uholanzi wamezichagua kizazi baada ya kizazi kwa kuangalia rangi, ukubwa na umbo la ua, yaani kwa jicho la mnunuzi. Tulipu kwa kawaida hutoa chavua, lakini mbochi yake ni haba au haipo kabisa. Zile zenye petali nyingi zilizosongamana zina hasara zaidi: katika maua ya aina hiyo, baadhi ya stameni, ambazo ndizo hubeba chavua, zimegeuka kuwa petali. Ua limeongezeka uzuri kwa kula chakula cha mgeni wake. Dafodili kubwa za manjano nazo, ingawa hupandwa kwa wingi kuliko karibu kila tunguu jingine nchini humo, hutembelewa na nyuki kwa nadra. Kwa hiyo bustani inaweza kuwaka rangi mwezi wote wa Aprili na bado ikawa jangwa kwa malkia mwenye njaa.

Yanayomfaa ni maua madogo, ya wazi, yaliyo karibu na umbo lake la porini. Galanthus nivalis, ua jeupe linaloinamisha kichwa, hutangulia mwezi wa Januari au Februari. Eranthis hyemalis, ua la manjano linalotoka kwenye kiazi badala ya tunguu halisi, hufuata karibu wakati huohuo. Baada yake huja krokasi, hasa Crocus tommasinianus, ambayo pengine ndiyo chaguo bora kuliko yote: hufumbuka jua linapopasha petali zake, hujifunga jioni, na hujaa chavua ya rangi ya chungwa. Mwezi wa Machi huchanua Scilla siberica, ambayo chavua yake ni ya buluu. Wafugaji wa nyuki wa asali hulitambua ua hilo kwa vifurushi vya buluu miguuni mwa nyuki wanaorejea mzingani. Muscari huendeleza karamu mpaka Aprili na Mei, na vitunguu vya mapambo vya jenasi ya Allium huifikisha Juni, wakati wafanyakazi wa kundi jipya wamekwisha kuwa wengi.

Upandaji wenyewe ni mwepesi. Matunguu hutiwa ardhini kuanzia Septemba hadi Novemba, katika kina cha takribani mara tatu ya kimo cha tunguu lenyewe, ncha ikitazama juu, mahali pasipotuama maji, kwani maji huyaozesha kuliko baridi inavyoyaua. Yapandwe kwa mafungu makubwa badala ya moja moja kando ya njia, maana nyuki hupunguza gharama ya kuruka anapopata maua mengi ya aina moja mahali pamoja. Na yapandwe penye jua, kwa sababu krokasi iliyo kivulini hubaki imejifunga. Kindi hufukua krokasi na tulipu na kuzila, ila dafodili huziacha kwa kuwa zina sumu. Wavu wa waya uliolazwa juu ya udongo husaidia.

Kosa la kawaida zaidi hutokea baada ya maua kunyauka. Majani hubaki yamelala ovyo, nayo mashine ya kukata nyasi hutolewa stoo. Majani hayo ndiyo yanayojaza tunguu chakula cha mwaka ujao, na yakikatwa kabla ya majuma 6 hivi kupita, mwaka unaofuata huja majani bila maua, au haji kitu.

Asili ya tunguu nayo haina budi kuchunguzwa. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya dawa tatu za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi, ambazo husafiri ndani ya mmea mpaka kwenye chavua na mbochi. Hata hivyo, dawa za kundi hilo si sumu pekee zinazotumika mashambani, na muuzaji asiyeweza kueleza matunguu yake yalitibiwa kwa nini hastahili kuaminiwa kwa picha ya nyuki iliyo kwenye pakiti.

Pia ni haki kusema matunguu hayawezi kufanya nini. Bombus subterraneus wa asili ya Uingereza walionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1988, huko Dungeness. Malkia wake waliamka kwa kuchelewa, na walitegemea mbuga zenye maua mengi kama ya klova wakati wa kiangazi. Zaidi ya asilimia 97 ya mbuga za aina hiyo zilitoweka katika Uingereza na Wales tangu miaka ya 1930. Krokasi za Februari zisingewaokoa. Huko Marekani mipaka ni mingine: Scilla siberica imetoroka bustanini na kuenea katika misitu ya majimbo ya kati, na nyuki mdogo wa porini, Andrena erythronii, hukusanya chavua yake kwenye maua ya Erythronium ya misitu hiyohiyo. Mkaazi wa huko anayetaka kumfaa nyuki huyo hana haja ya tunguu la kutoka Ulaya; anahitaji kununua Erythronium iliyooteshwa kitaluni, isiyong'olewa msituni, na kuipanda chini ya mti unaopukutisha majani.