Jino Bovu na Moyo Wako: Mambo Ambayo Kila Mama na Mlezi Anapaswa Kujua

Hapa Mhunze akina mama huniuliza swali hili mara kwa mara, hasa siku za kliniki ya watoto: "Nesi, ni kweli jino bovu linaweza kuharibu moyo?" Mara nyingi anayeuliza ameshika shavu, na ukimwuliza jino limeanza lini kuuma, anakwambia tangu msimu wa kupanda pamba.

Jibu fupi ni kwamba ndiyo, kwa baadhi ya watu jino bovu linaweza kuleta maambukizi makubwa kwenye moyo. Si kila mwenye jino bovu atapata ugonjwa wa moyo, kwa hiyo usiogope bila sababu. Lakini wapo watu ambao hawapaswi kabisa kukaa na jino bovu, na wengine hawajijui.

Maambukizi yanavyotoka kinywani hadi moyoni

Kinywa cha kila mtu kina bakteria. Ukipiga mswaki vizuri, wengi wao hawakudhuru. Jino likitoboka hadi ndani au fizi zikivimba na kutoa damu, bakteria hao hupata njia ya kuingia kwenye mishipa ya damu. Mtu mwenye fizi mbovu anaweza kuingiza bakteria kwenye damu hata akitafuna ugali tu.

Kwa mtu mwenye moyo mzima, kinga ya mwili huwaua bakteria hao kwa muda mfupi. Shida iko kwa mtu mwenye valvu za moyo zilizoharibika. Valvu ni kama milango midogo inayofunguka na kufunga ili damu iende upande mmoja. Mlango wenye makovu ni rahisi kwa bakteria kujishikiza. Wakishikiza huzaliana, hutengeneza vijinyama juu ya valvu na kuendelea kuila. Ugonjwa huu unaitwa endokaditisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo.

Matibabu yake si ya vidonge vya siku tano. Mgonjwa hulazwa na kuchomwa dawa kwenye mshipa, kwa kawaida kwa wiki 4 hadi 6, na wengine huhitaji upasuaji. Fikiria mama mwenye watoto wanne akikaa hospitalini wiki 6 wakati wa mavuno. Na asipotibiwa, ugonjwa huu unaua.

Nani yuko kwenye hatari zaidi?

Kwetu Tanzania valvu za watu wengi huharibika kwa sababu ya homa ya rumatiki. Homa hii huanza na maambukizi ya koo kwa mtoto, mara nyingi wa miaka 5 hadi 15. Koo huuma, mtoto hapewi dawa sahihi, na baada ya wiki chache viungo vinavimba na kuuma. Maumivu yanaisha, watu wanasahau, lakini valvu inabaki na kovu.

Wanawake wengi hugundua tatizo hili wakiwa wajawazito, kwa sababu wakati wa ujauzito damu huongezeka na moyo hufanya kazi kubwa zaidi. Kama ulipumua kwa shida sana kwenye ujauzito, au uliwahi kuambiwa moyo wako una "sauti", usilipuuze jambo hilo.

Wengine walio kwenye hatari ni hawa:
- Mtu aliyewekewa valvu ya bandia.
- Mtu aliyewahi kuugua endokaditisi.
- Mtu aliyezaliwa na aina fulani za kasoro za moyo, kama tundu.

Kuna mama mmoja alikuja kliniki na mtoto wake kupata chanjo. Shavu lake lilikuwa limevimba. Alikuwa amenunua amoksilini dukani mara tatu; kila mara uvimbe ulipungua, kisha ukarudi. Nilipomwuliza kama ana tatizo lingine lolote, alisema kwa kawaida tu kwamba alipokuwa msichana aliambiwa ana tatizo la valvu na alikuwa akichomwa sindano kila mwezi, kisha akaacha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jino na moyo vinahusiana. Tulimwandikia rufaa siku hiyo hiyo. Kwa ajili ya akina mama kama yeye ndiyo maana naandika makala hii.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Dalili za endokaditisi hufanana na za magonjwa mengine, na huku kwetu homa yoyote huitwa malaria. Nenda kituo cha afya ukiona:
- Homa inayoendelea zaidi ya wiki moja, au inayorudi kila ukimaliza dawa.
- Kutoka jasho usiku na kupungua uzito.
- Uchovu mkubwa na kupumua kwa shida.
- Miguu kuvimba.
- Mkojo wenye damu.
- Upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, au mdomo kwenda upande. Hii ni dharura, usisubiri kesho.

Kama kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea na homa ipo, usikubali kurudi nyumbani bila kusema. Mwambie mhudumu: "Nina jino bovu," au "Niliwahi kuambiwa nina tatizo la moyo." Maneno hayo yanaweza kubadilisha vipimo utakavyofanyiwa.

Na je, shambulio la moyo na kiharusi?

Hili ni jambo tofauti. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watu wazima wenye ugonjwa wa fizi wa muda mrefu hupata zaidi shambulio la moyo na kiharusi kuliko wenye fizi nzima. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti hizo na kusema kwamba uhusiano upo, lakini haijathibitika kuwa fizi mbovu ndizo zinazosababisha. Sababu moja ni kwamba vitu vinavyoharibu fizi huharibu pia mishipa ya moyo: tumbaku na kisukari.

Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ukisafisha meno tu moyo umepona. Pima shinikizo la damu, pima sukari, acha sigara na ugoro. Meno yatunze pamoja na hayo.

Makosa tunayoyafanya

Kununua antibiotiki dukani. Dawa hupunguza uvimbe, lakini tundu la jino na usaha vinabaki. Jino linahitaji kuzibwa, kutibiwa mzizi au kung'olewa. Tena, dawa za kubahatisha huficha bakteria, na daktari akipima damu anashindwa kuwaona.

Kuweka ugoro, mafuta ya taa au maji ya betri kwenye jino. Vitu hivi huunguza fizi na kufungua njia zaidi ya maambukizi.

Kuogopa kung'oa jino ukiwa mjamzito. Matibabu ya meno yanaruhusiwa wakati wa ujauzito. Miezi ya katikati ndiyo rahisi zaidi kwa mama, lakini jino lenye usaha hutibiwa wakati wowote. Mwambie tu daktari kwamba una mimba.

Kudhani sindano ya kila mwezi inatosha. Kama unachomwa penisilini kwa ajili ya homa ya rumatiki, endelea, usiache. Lakini sindano hiyo haikukingi na bakteria wa meno.

Kabla ya kung'oa jino

Sema mapema kama una tatizo lolote la moyo. Baadhi ya wagonjwa hupewa antibiotiki dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'olewa. Daktari ndiye anayeamua nani anahitaji na kiasi gani. Usijinunulie mwenyewe.

Shavu likivimba hadi shingoni au karibu na jicho, ukishindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua, nenda hospitali ya wilaya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Unachoweza kuanza leo

Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Mswaki wa mti unafaa pia kama ni laini na unafika kila jino. Badili mswaki kila baada ya miezi 3 au nyuzi zikitawanyika. Punguza soda, pipi na chai ya sukari nyingi katikati ya milo.

Maji ya baadhi ya visima vya mkoa wetu wa Shinyanga yana floraidi nyingi, ndiyo maana baadhi yetu tuna meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo si kuoza, na mswaki hauyatoi. Usiyasugue kwa mchanga wala mkaa mpaka fizi zitoke damu.

Mtoto akiumwa koo na kupata homa, mpeleke zahanati. Ukitibu koo lake leo, unalinda moyo wake atakapokuwa mtu mzima.

Kama una jino linalouma, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukihitaji zaidi utapelekwa hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kwa matatizo makubwa ya moyo wagonjwa wa kanda yetu hupelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Safari hiyo ni ndefu na ya gharama. Safari ya kutibu jino ni fupi zaidi, kwa hiyo ianze wiki hii.