Kitabu cha Mashamba cha Mfalme William

Mkulima, ukipewa karatasi ya shamba lako, je, wasoma jina na eka zilizoandikwa, au waifunga sandukuni tu? Sikiliza habari hii ya Uingereza.

Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda nchi ile kwa vita, akawagawia wakubwa wake mashamba. Ugomvi wa ardhi ukawa mwingi, naye mfalme alitaka kujua kodi yake. Basi, wakati wa Krismasi mwaka 1085, akaamuru mashamba yaandikwe.

Mwaka 1086 maofisa wake walizunguka nchini. Waliwakutanisha watu barazani na kuwaapisha: wakubwa, kasisi, msimamizi, na watu sita wa kila kijiji. Wakauliza: Shamba hili laitwaje? Ni la nani sasa, na zamani za Mfalme Edward lilikuwa la nani? Lina plau ngapi za ng'ombe? Msitu je, na malisho, na vinu? Thamani yake nini?

Baadaye watu walikiita kitabu hicho Domesday, yaani Siku ya Hukumu, kwa kuwa neno lake halikuwa na rufani. Lakini majina yaliyoandikwa yalikuwa hasa ya mabwana. Walimaji wengi walihesabiwa tu, bila jina.

Karibu miaka 800 ikapita. Watu wakasema ardhi yote imo mikononi mwa watu 30,000 tu. Lord Derby, mwenye mashamba makubwa, akakataa, na mwaka 1872 akaomba hesabu mpya. Hesabu hiyo iliitwa Domesday Mpya. Safari hii makarani walinakili vitabu vya kodi. Katika England na Wales, bila London, walipata wenye ardhi 972,836. Lakini 703,289 kati yao walikuwa na chini ya eka moja. Makosa yalikuwa mengi: mwenye mashamba katika wilaya mbili alihesabiwa mara mbili. Bwana mmoja, John Bateman, aliwauliza wenye mashamba wakubwa wenyewe, akasahihisha hesabu zao.

Hili ndilo fundisho: kitabu cha ardhi hakijui ila kile kilichoambiwa. Basi mpimaji akija, simama mpakani pamoja na jirani zako. Soma jina lako, namba ya shamba na eka zake kabla ya kutia sahihi. Ukiona kosa, liseme siku ile ile, jirani wakiwapo kushuhudia. Kosa dogo la leo huwa kesi kubwa ya watoto wako.