Tangazo la Google: unalipa kila mara mtu anafinya

Uko na mkate wa kuuza Bukavu, na tovuti yako haina watu. Google inaweza kuiweka juu, mtu akitafuta "mkate Bukavu". Kuonekana tu hulipi. Feza inakatwa wakati mtu anafinya tangazo.

Bei inatoka katika mnada, kila mara mtu anapotafuta. Mwenye kutoa dola nyingi hashindi siku zote, maana Google inapima pia kama ukurasa wako unajibu kile mtu alitafuta.

Feza inapotea hapa: ukichagua Bukavu na kuacha mengine vile Google iliyapanga, hata mtu wa Brussels anayependezwa na Bukavu ataona tangazo. Kwa hoteli ni vizuri. Kwa mkate, hasara tupu! Chagua watu walio ndani ya mji tu.

Tena, ukiandika dola 5 kwa siku, siku moja wanaweza kukata mpaka 10, ila kwa mwezi haipiti 152. Na uweke neno "kazi" kati ya yale unayokataza, juu mwenye kutafuta kazi ya kuoka mikate naye anafinya, na ni wewe unalipa.