Cheti cha mtaalamu wa mwenye jengo kinavyomgharimu mpangaji

WAFANYABIASHARA wengi wanapochukua duka hubishania kodi na kilemba, wakishakubaliana hutia sahihi. Kifungu kinachokuja kuwaumiza mara nyingi hakina tarakimu hata moja. Ni kile kinachosema kuwa ada ya huduma itathibitishwa na mhasibu au mthamini aliyeteuliwa na mwenye jengo, na kwamba cheti hicho ni cha mwisho.

Ada hiyo hulipia walinzi, usafi, lifti, jenereta na ukarabati wa jengo zima. Mtaalamu anayeikokotoa analipwa na upande mmoja. Hilo peke yake si kosa, kwani lazima awepo mtu wa kujumlisha. Ubaya ni pale neno lake linapofunga mjadala.

Kampuni ya Blacks, inayouza nguo na vifaa vya michezo ya nje, iliyaona hayo mjini Liverpool, Uingereza. Ilidaiwa ada ya zaidi ya pauni 400,000 na ikakataa kulipa, ikisema baadhi ya gharama hazikuwa juu yake. Mkataba ulisema cheti cha mwenye jengo ni cha mwisho isipokuwa pawepo kosa la wazi, kosa la hesabu au udanganyifu. Januari 2023, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, kwa majaji 4 dhidi ya 1, kwamba mpangaji alipe kwanza, kisha afungue madai yake baadaye. Kwa mwenye duka dogo, hiyo "baadaye" huenda ikamkuta amekwisha funga.

Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama za Kenya, lakini mawakili huzitaja mara kwa mara. Nchini Kenya kuna kinga ya Sura 301, sheria ya mwaka 1965, kwa maduka, hoteli na mikahawa isiyo na mkataba wa maandishi au yenye mkataba usiozidi miaka 5. Mpangaji wa aina hiyo akipewa notisi ya kupandishiwa kodi, ambayo haiwezi kuanza kabla ya miezi 2, anaweza kwenda barazani na ripoti ya mthamini wake ipimwe na ile ya mwenye jengo. Akikaa kimya, kodi mpya inamshika.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mikataba mingi ya maduka ya Nairobi huandikwa miaka 5 na miezi 3, au miaka 6. Ile miezi 3 si zawadi. Isipokuwa kama mkataba unaruhusu kuvunjwa ndani ya miaka 5 bila kosa la mpangaji, baraza halikuhusu tena. Unabaki na maneno uliyoyatilia sahihi.

Kwa hiyo bishania mapema: mtaalamu ateuliwe na pande zote mbili, ada iwe na kikomo cha mwaka, na gharama za paa na misingi zibaki kwa mwenye jengo. Ukinyimwa yote hayo, ng'ang'ania haki ya kuona stakabadhi kabla ya kulipa.

Hata mwekezaji anayenunua chumba cha duka ili akipangishe asikifurahie mno kifungu hicho. Cheti kinaweza kumlazimisha mpangaji kulipa mwaka huu. Hakiwezi kumzuia kuhama mkataba ukiisha.