Jioni ya Udi, Jazi na Shairi

Jua likizama Forodhani, watu huanza kuwania nafasi ndani ya kuta za Ngome Kongwe, Unguja. Hapo ndipo tamasha la Sauti za Busara lilipojijengea jina tangu 2004, likifanyika mwezi wa Februari kwa sharti moja kubwa: muziki upigwe papo hapo jukwaani.

Kwa taarabu, sharti hilo ndilo roho yenyewe. Shairi lenye vina na mizani huimbwa taratibu, fidla hujibu, udi ukafuatia. Msikilizaji aliyeguswa huinuka, akasogea kwa mwendo wa madaha na kumtuza mwimbaji noti mkononi. Ni kama kusema, ubeti huo umenihusu. Kanda haituzwi.

Kidumbaki, ndugu yake wa mitaani, hakihitaji gharama. Besi yake ni sanduku la mbao, fimbo na uzi mmoja tu. Mpigaji huivuta fimbo uzi ukakaza, akailegeza, na sauti hupanda na kushuka.

Jazi nayo imeingia. Siti and the Band, kundi lililochipuka katika chuo cha Dhow Countries Music Academy, huichanganya na taarabu, na halijakosea. Siti binti Saad mwenyewe, mwimbaji mashuhuri wa taarabu, alivuka bahari hadi Bombay 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Muziki huu haujawahi kuogopa wageni.

Ukijaliwa kufika Unguja mwezi wa tamasha, wahi mapema, kaa karibu na jukwaa, na usisahau noti za kutuzia.