Mita Inayoona Umeme Usiobeba Kitu

Soketi ya jikoni ilikataa kazi. Nyumba yenyewe ni ya kupanga, Diani, upande wa baharini. Nikatoa mita: volti 238. Nikachomeka pasi: baridi kama jiwe. Nikapima tena: 238 ileile. Nusura nimpelekee fundi pasi nzima.

Mita haikudanganya. Imeundwa isile umeme wa kitu inachokipima; ukinzani wake wa ndani kwa kawaida ni omu milioni 10. Kwenye volti 240 inavuta ampea 0.000024 tu, ilhali pasi ya wati 1,000 inadai ampea 4 na ushei. Nilipofungua soketi nikakuta chumvi ya upepo imekula shaba pale waya unapokazwa kwa skrubu, ikabaki unga wa kijani. Kiungo kilichooza hadi kufikia omu laki moja kinaipunguzia mita volti 2 hivi, lakini pasi haipati chochote. Hata waya uliokatwa, ukilala sambamba na waya wa laivu ndani ya paipu moja, unaweza kuonyesha makumi ya volti: huo ndio umeme hewa.

Ndiyo maana siwacheki mafundi wazee wanaotembea na balbu yenye nyaya mbili. Balbu inakula umeme; ikiwaka, umeme upo kweli. Baadhi ya mita nzuri nazo zina sehemu iliyoandikwa LoZ, inayoshusha ukinzani makusudi ili umeme hewa ufifie.

Tukinunua mita madukani, wengi wetu tunaangalia bei na ukubwa wa kioo. Ile ndogo ya manjano, DT830, inatosha betri na redio, lakini tundu lake la ampea 10 mara nyingi halina fyuzi. Ukisahau waya mwekundu humo, kisha uguse soketi: ni shoti mkononi mwako. Ya nyumbani iwe na alama ya usalama ya CAT III, volti 600, na fyuzi za kauri, si za kioo. Na utoe betri usipoitumia. Mita ngapi tumezitupa jalalani kwa sababu ya betri moja ya volti 9 iliyovuja?

Kazi nyingine za mita ni nyepesi: betri ya gari (12.6 imejaa, 12 inalia njaa), paneli ya sola, fyuzi ya bodaboda, chaja, rimoti, taa za mashua.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue kifuniko cha nyuma akuonyeshe fyuzi. Akikataa, mwachie mita yake.